Daftari la Lindo

Saa kumi na moja na robo. Bwana Henriki ametoka, mazoezi.
Ndivyo nilivyoandika kila alfajiri, miaka mitatu,
kwa kalamu iliyofungwa kamba kwenye msumari wa kibanda,
hapa Shangani, geti la kijani, mkabala na mivinje.
Kaptula fupi, mapaja mekundu kama pweza aliyechemshwa,
nami nasimama kisigino kwa kisigino:
Mbio njema, bosi.
Sijawahi kumuuliza anakimbilia nini.

Saa kumi na moja na nusu. Mtu anakimbia.
Huo nao mwandiko wangu, tarehe sita Oktoba,
msimu wa korosho, mji una hela na wasiwasi.
Yule, mazoezi. Huyu, anakimbia.
Lami ile ile, giza lile lile.
Nikapuliza filimbi.

Filimbi ni kitu kidogo, inaenea mdomoni,
ila ikishatoka haina kamba ya kuirudisha.
Geti la pili likaitika, la tatu likawasha taa,
na kijana wa bodaboda aliyesinzia juu ya tangi
akaamka na lile neno la silabi mbili
lisilosubiri shahidi.

Alisimama. Lazima niliseme hili: alisimama.
Akainua mikono. "Nafanya mazoezi, baba."
Baba, aliniita.
Nikamuuliza viatu amevitoa wapi.
Vilikuwa vya mtumba, soli imeshonwa kwa nailoni ya mshipi.
Mwizi gani hushona alichoiba?
Hilo nililiwaza kesho yake.
Alfajiri ile rungu lilitangulia.

Ligula, kitanda cha kumi na tisa:
Mfaume Chinduli, miaka kumi na minane,
mita elfu tano, mashindano ya mkoa, zimebaki wiki mbili.
Mama yake ni Bi Somoe wa Chikongola,
ambaye uji wake nimeunywa kwa mkopo tangu masika.
"Karibu, mwanangu," akasema. "Umekuja kumwona nani?"
Nikaacha machungwa juu ya kabati la mgonjwa mwingine.

Kampuni ilinisifu kwa umakini, ikaniongeza elfu ishirini.
Bwana Henriki, kwa mara ya kwanza, alisimama getini.
"Usalama upo?"
Upo, bosi.
Akaendelea na mazoezi.

Mimi ni mweusi. Masizi huniita kaka.
Nimetoka Kitaya na chale za bibi yangu kifuani,
basi jicho hili nililotazamia
nani alinikopesha, na nitalilipa lini?
Babu alinisimulia: enzi za mradi wa karanga,
ukikutwa Shangani mikono mitupu, unaulizwa.
Kwa hiyo alibeba ndoo. Haina maji, haina kitu,
ndoo tupu ya kumpitisha njiani,
ili aonekane ametumwa.
Nilipokuwa mtoto kisa hicho kilinichekesha,
nikaomba anirudie.
Ndoo yenyewe ilikuwa bado nyuma ya nyumba, kuku wakitagia ndani yake.

Desemba. Amerudi.
Namsikia kabla sijamwona;
mguu wa kushoto sasa una lafudhi yake.
Akifika nguzo ya umeme anaacha mbio.
Anatembea, vidole wazi, viganja mbele,
hatua tisini na nne, nimezihesabu,
hanitazami, wala hanigeuzii mgongo wote,
vile mtu anavyompita mbwa asiyemjua.

Akishavuka mvinje wa mwisho, anaanza tena.

Saa kumi na moja na nusu, naandika.
Nafasi ya mbele yake naiacha.