Hesabu ya Kituo cha Ombaderu

Saa kumi jioni tulifunga kamba.
Asiku akapindua sanduku juu ya mkeka,
karatasi zikamwagika kama makopa ya muhogo
na watu wakasogea, mikono nyuma,
kwa heshima waliyozoea kumpa maiti.

Mimi ndiye msoma kura. Miaka kumi na minane
nafundisha darasa la nne kujumlisha,
na kila baada ya mitano naijumlisha parishi hii.
Naijua kama Ayiko ajuavyo daftari la madeni.

Wa barabarani ni Taa:
waliona nguzo za umeme zikipita,
na ingawa waya haukushuka kwao, waliziona.
Wa bondeni, ng'ambo ya kijito, ni Ngazi
tangu kampuni ya tumbaku ilipong'oa mizani yake
ikawaachia mabanda yasiyotoa moshi.
Kanisani wamegawanyika kwa kwaya,
sauti ya kwanza huku, besi kule.
Ukoo wa Matua hupiga kura kama unavyolima:
mstari mmoja, na mbele shangazi.

Fulana usizitazame. Fulana ni nguo.
Ondoma anazo tatu za Taa, analimia zote,
uso wa mgombea umechanika kwapani.
Nusu kilo ya sukari hainunui mtu,
hununua siku mbili za chai.

Mwaka ule wa uenyekiti wa kijiji,
tulipopigishwa foleni nyuma ya wagombea,
Driwaru alisimama nyuma ya shemeji yake
na mumewe akamtazama kutoka foleni ya pili.
Mpaka leo wanakula sahani mbili.
Tangu siku ile nayapenda masanduku.

Basi nikasoma. Taa. Taa. Ngazi. Taa.
Mawakala wakachora vijiti, vitano vitano.
Karatasi moja, mahali pa alama,
mtu ameandika: chumvi.
Tuliibishania, tukaiweka na zilizoharibika,
ingawa katika zote
ndiyo pekee iliyosema wazi inataka nini.

Halafu nikashika ile.
Gumba la wino wa zambarau ndani ya chumba cha Ngazi,
na katikati ya gumba, kovu:
mstari mweupe umeikata mistari yote
kama njia ya mkato shambani kwa mtu.

Kovu hilo nilikuwepo likizaliwa.
Nilikuwa na miaka saba, nachezea kisu cha muhogo,
mama akakidaka kwa upande wa makali.

Mama, kiongozi wa akina mama wa Taa.
Mama aliyepikia msafara wao sufuria nne,
aliyempigilia mgombea wao ukutani
juu kidogo ya picha ya baba.

"Mwalimu, soma," Asiku akasema.
Sijui nilikuwa nimenyamaza kwa muda gani.
Nikasoma: Ngazi.
Sauti ikatoka kama ya mtoto aliyeulizwa
nani kavunja chungu.
Wakala akachora kijiti chake, akapiga miayo.

Taa mia mbili na nne. Ngazi mia moja sabini na tisa.
Zilizoharibika sita, pamoja na chumvi.
Kesho redio itasema kaunti yetu haijabadilika,
imeegemea palepale ilipoegemea.
Hata ukuta wa jiko letu umeegemea
miaka mingi, mbuzi wanalala kivulini mwake.

Nilimkuta anasonga enya,
kitambaa cha Taa kichwani, moshi machoni.
"Wetu wamepata ngapi?" akauliza bila kugeuka.

Nikautazama mkono ulioshika mwiko.
"Wepi, mama?"

Mwiko ukasimama. Enya ikatoa povu moja, likapasuka.
Kisha ukaendelea kuzunguka.

"Nenda ukanawe," akasema. "Una wino."