Swali la Tisa

Swali la tisa lilikuwa jepesi kulitunga:
Je, mwaka huu, shuleni, umewahi kuonewa?
Tukalipeleka nchi tatu, likarudi ndani ya masanduku,
na mimi nikaketi hapa Groningen, mvua ikilowesha baiskeli za watu,
kuyageuza majibu kuwa tarakimu.

Mizuho wa Takaoka hakuguswa hata ukucha.
Ilikuwa zamu ya wenzake kupakua chakula cha mchana,
upawa ukapita bakuli hadi bakuli,
ulipofika kwake ukaruka, kama mtu arukavyo dimbwi
asije akalowa kiatu.
Hakuna aliyecheka. Kwa kutocheka kwao
akajua walikuwa wamekwisha kukubaliana.
Kesho yake jina lake likaitwa, akaitika,
thelathini na wanne wakageukia dirisha, eti theluji.
Kwenye dodoso ameandika kwa mwandiko wa kupendeza:
Hapana. Sijaonewa. Sijaonekana.

Nimeitia kwenye safu ya hapana.

Wilber alishuka Lima kutoka milima ya Ayacucho
na lugha ya bibi yake, yenye irabu tatu.
Za mjini ni tano. Hizo mbili za ziada ndizo zilizomponza:
siku moja aliomba meza, ikamtoka misa,
darasa zima likapiga magoti, likafanya ishara ya msalaba,
na mwalimu naye, Mungu amsamehe, akatabasamu.
Tangu hapo misa ya asubuhi, misa ya mapumziko,
na konzi za kusindikizia sala.
Ameandika: Ni utani tu.
Ila hilo neno la mwisho amelifuta
kwa nguvu, mpaka karatasi imetoboka.

Profesa Wubbo anachungulia mlangoni. Anataka jedwali kufikia Ijumaa:
wapi wanaoneana zaidi?
Ni mtu mwema. Hunywa kahawa akiwa amesimama.
Namwambia bado.

Bado Eskil, wa Mo i Rana, ambako tangu chekechea hufundishwa
kwamba hakuna aliye mkubwa wa mwenziwe.
Safari ya kuteleza kwenye theluji, kibanda cha mlimani, vitanda vinane;
mlangoni karatasi, majina saba,
na kwenye mstari wa nane, kwa kalamu ya kijani: mabegi.
Akalala chumba cha walimu, akiwasikiliza wakikoroma.
Jibu lake: Ndiyo. Lakini hakuna aliyefanya kitu.
Nimeisoma tena sentensi hiyo. Ina maana mbili,
na zote mbili ni kweli.

Basi kwenye jedwali Norwe imesimama mlingoti,
Japani na Peru zimelala chini, salama salimini.
Aliyekiri ndiye aliyeshitakiwa.

Nalitazama neno lenyewe, nililolichagua mimi.
Ona. Penyeza irabu moja tu katikati: onea.
Nayo irabu hiyo ndiyo ile ile
iliyomkwama Wilber kooni.
Hatukuuliza popote, katika kurasa sita,
Je, umewahi kuona?

Chini ya sanduku la mwisho zimebaki karatasi za majaribio,
za shule ya hapa hapa, tulizotangulia kuzigawa Septemba.
Jelmer, miaka kumi na mitatu.
Hapana, hapana, hapana, mpaka swali la ishirini na mbili,
vialama vimenyooka kama askari wa gwaride.
Nyuma ya ukurasa, kwa penseli, herufi ndogo kama mbegu za haradali:
Anayezikusanya ndiye.

Tulimkabidhi kiranja kazi ya kukusanya.
Ili kuokoa muda. Wazo lilikuwa langu,
na kikaoni nilipongezwa.

Hakuna safu ya kulitia hili.
Shule yenyewe iko ng'ambo ya mfereji,
naiona kutoka mezani pangu: matofali mekundu, lango, baiskeli zimelaliana.
Wanatoka saa tisa na robo.
Sasa ni saa tisa kamili,
na koti langu bado halijakauka.