Malaika ya Nikeli

Bombani hakuna maji tangu Alhamisi.
Anyelwisye kanunua ndoo mbili za mkokoteni,
kachuja, kachemsha, kakinga mvuke,
ili ayapasue.

Platini? Gramu moja ni kodi ya chumba chetu Sinza.
Basi kaokota nikeli
kwenye betri kuukuu za Gerezani,
kaiotesha malaika kama ya mkono wa mtoto,
membamba hata unywele wangu ni gogo.

Saa nane usiku anagusisha waya.
Kimya.
Kiputo kimoja.
Kisha vingi, kama uji unaotaka kuchemka.

“Usicheke,” ananong'ona, “utavitisha.”

Nami niliyepandisha ndoo hadi ghorofa ya tatu
nabana pumzi,
nikitazama maji ya mia tano
yakijifunza kuwa moto.