Kitenge cha Nikipungua

Kabatini kwangu, Mabatini,
ambako nyumba zimepanda mawe kama mbuzi,
kuna kitenge nilichonunua mwaka wa harusi ya Nshoma:
rangi ya dagaa juani, na ua jekundu pembeni.
Nikakikunja, nikakipa jina: Nikipungua.
Miaka sita kimelala na naftalini.

Mimi ni fundi. Makoroboi wananijua:
"Kwa Kwandu? Pale konani, yule mnene."
Hawasemi kwa ubaya. Wanaelekeza njia.
Ila mtu akigeuzwa kibao cha barabarani
hupigwa na upepo mwingi.

Mchana kutwa napima wenzangu,
kifua, kiuno, nyonga, bega mpaka kiwiko.
"Achia pumzi," nawaambia, "nguo haitaki uongo."
Jioni naisokota futikamba kidoleni,
naitupa droo, nafunga.

Na usiku.

Haikuwa njaa. Njaa naijua,
nimekulia Sengerema mwaka muhogo ulipougua.
Njaa ina adabu, hubisha hodi tumboni,
hula matobolwa yake na chai, ikaaga.
Huyu hakubisha. Aliingilia kooni, akakaa, akauliza:
wifi yako kasema nini leo mbele za watu?
Nikamjibu kwa andazi.
Na yule mteja aliyekuuliza mimba ni ya miezi mingapi?
La pili. La tatu.
Nimesimama gizani, taa sijawasha
nisije nikajiona,
gazeti la kufungia likichakacha mkononi
kama shahidi anayetaka kusema.

Asubuhi naapa. Naunyima mwili mchana kutwa,
usiku unanidai na riba.

Mwezi wa tatu akaja Ng'wasi, anasomea uuguzi Bugando,
mwili kama wangu, miaka nusu ya yangu.
Nikampima. Akatazama sakafu.
"Punguza inchi mbili, fundi. Nitafika huko."
Nikakiona kitenge changu machoni pake, kimekunjwa.
Yakanitoka bila kupanga:
"Mwanangu, mimi namshonea aliyesimama hapa.
Huyo mwingine akija, naye nitamshonea."
Akacheka, akafuta jicho, akaachia pumzi.
Alipoondoka maneno hayakumfuata.
Yalibaki dukani, yakinikodolea.

Nikafunga mapema.
Nikajipima mwenyewe, mikono ikitetemeka,
nikaandika namba daftarini
kama za mteja yeyote, bila tusi pembeni.
Mkasi ulipouma kitambaa nilifumba macho,
jambo ambalo fundi hatakiwi kulifanya.

Kimenikaa. Jamani, kimenikaa!
Jumapili nikashuka nacho ngazi za mawe,
wifi akafungua mdomo, nikamwahi kwa salamu,
nikapita.

Yule wa usiku bado huja. Jana alikuja.
Nikawasha taa. Nikamvutia kiti:
umetumwa na nani leo?
Akanitajia mtu niliyemzika, na sikumlilia.
Basi nikalia, kilio hasa, na kamasi zake.
Kisha nikapakua, kipande cha sangara, mchicha, ugali,
nikala nimekaa, sahani mezani,
kama mgeni aliyealikwa.
Kuna usiku andazi hushinda. Likishinda, limeshinda,
kesho yake nakunywa chai yangu kama kawaida.

Alfajiri natembea mpaka Mwaloni.
Si adhabu. Nalipenda ziwa kabla halijanawa uso,
na kina mama wa dagaa wakibishana bei
kwa sauti zisizoomba radhi.

Juzi nimekibana kitenge kiunoni,
kidole kimoja kila upande.
Nimefurahi, siwezi kudanganya, nimefurahi.
Lakini kitambaa cha ndani sikukikata.
Fundi anayejua kazi huacha pindo.