Tarakimu Ishirini

Kipindi ni saa tatu usiku.
Tumpale ameiegemeza simu kwenye chupa ya chai,
daftari juu ya kibao cha chapati,
unga bado pembeni.
Bando la elfu moja limeshaanza kujila.
Mwaka wa tatu huu anasoma chuo
ambacho mlango wake hajaugusa.

Leo ni takwimu.
Mhadhiri anakatika, anarudi, anakatika:
"Mnani... mnanisi..."
"Tunakusikia," anajibu mtu wa Kasulu,
na mbwa wake naye.

Ndipo LUKU ikalia, ikanyamaza.
Giza la Mbagala Kizuiani likaingia bila hodi.
Nikatoka na simu yangu ya kitochi,
Ipyana akapanda ndoo, akaifikia mita,
nikamsomea ujumbe:
tisa, sita, sifuri, mbili...
"Nne au nane, baba?"
Nane. Polepole, mwanangu.

Mita ikakataa.

Hatukujua kipaza sauti kiko wazi.
Kutoka dirishani, kutoka ile nuru ndogo ya kiganja,
sauti ya mhadhiri ikaja safi, haikatiki hata chembe:
"Shemeji, hizo ni kumi na tisa.
Umeruka moja."

Tumpale kajifunika uso kwa kanga,
mabega yanatikisika,
sijui kilio, sijui kicheko.
Nikaanza upya.
Na huko ndani, Kasulu, Nachingwea, wapi tena,
watu nisiowajua
wakawa wananihesabia.