Friza Iliyogeuka Kabati

Asubuhi nafungua friza, natoa shati.
Haina baridi tena. Ina nondo wawili,
ina sare za shule za Shekuwe,
na chini kabisa, pale palipokuwa pa ukwaju,
pana vyeti vya kuzaliwa na leseni ya kaunti
iliyokufa Juni.

Mwanzo iliimba. Hamkuisikia ilivyoimba!
Usiku kucha, mmm, kama mtu abembelezaye mtoto,
nami nimelala chumba cha pili, hapa Barani,
nikihesabu kwa mngurumo wake:
vikombe arubaini, vikombe hamsini,
Ijumaa baada ya sala, mia.
Nilikuwa nimevua koti la uhudumu
baada ya miaka kumi na mmoja ya kusema bonjorno
kwa watu wasionitazama usoni.
Kiinua mgongo chote kikaingia ndani ya sanduku jeupe.
Nikaandika mlangoni kwa mkono wangu:
AISKRIMU YA TAUSI.
Tausi ni mama yangu. Hakuila hata siku moja;
meno yalimuuma.

Wateja walikuja. Nisiwasingizie.
Walikuja watoto wa madrasa,
sarafu zao zimelowa jasho la kiganja.
Akaja bwana harusi wa Shella, akaagiza ndoo tatu,
akalipa moja, akaenda fungate.
Akaja mzee wa mtaa kuonja,
akaonja kila Jumanne.

Husemwa mali bila daftari hupotea bila habari.
Mimi daftari nilikuwa nalo.
Mali ikapotea,
habari zikafika Maweni.

Kisha masika. Stima ikakatika Jumatano alasiri.
Alhamisi nilifungua kifuniko kidogo, nikafunga,
kama mtu achunguliaye mgonjwa.
Ijumaa sikufungua.
Maji ya rangi ya embe yalitoka yenyewe,
yakavuka kizingiti, yakashika mtaro,
na sisimizi wa Barani nzima wakafanya karamu
bila kulipa, kama bwana harusi.
Jumamosi stima ikarudi, ikarudi na hasira.
Fundi aliinama, akanusa, akainuka:
"Kompresa, kaka. Hii sasa ni kabati."

Miezi minne iliyofuata niulizeni vichochoro.
Barani ina vingi kuliko nilivyodhani:
kimoja cha kumkwepa mwenye nyumba,
kimoja cha kumkwepa muuza sukari,
na kirefu kuliko vyote, kipitacho makaburini,
cha kumkwepa Dhahabu wa Kakoneni,
aliyeniletea maziwa lita ishirini kila alfajiri
na hakuniandika popote.

Siku moja nikamkuta huko huko, makaburini,
madebe matupu mkononi, anatembea upesi.
Sikuwa na pa kugeukia.
Naye alikuwa akimkwepa mwenye pumba za ng'ombe
kwa ajili ya deni langu.

Tukasimama. Tukatazamana kama wezi wawili
waliokutana dirisha moja.
Akaanza kucheka yeye.

Tangu hapo kila Ijumaa, mia mbili.
Hufunga noti kwenye pindo la leso,
haniambii zimebaki ngapi. Najua zimebaki ngapi.
Pesa nazipata kwa Kibwana, namkamulia miwa.
Alikuwa kijana wangu wa kuosha vikombe.
Bado ananiita bosi,
na sijajua kama ni heshima au mzaha;
nimeacha kuchunguza.
Mwenye nyumba sasa napita mlangoni pake.
Muuza sukari, bado kidogo.

Shati hili nimelifua sijui mara ngapi
na bado linanuka ukwaju.
Juzi mwanamke mmoja, gilasi ya miwa mkononi,
akavuta pumzi, akauliza: "Ule wa Tausi umeishia wapi?"
Nikajitia sikusikia. Nikazungusha gurudumu la mashine.

Jioni nilinunua ukwaju, nusu kilo.
Sijamwambia mtu.
Nimeuficha ndani ya friza, chini ya sare.