Kengele ya Baiskeli

Fomu imefika kutoka Kampala, kurasa kumi na moja,
na Ajidiru amekwama kwenye swali la sita:
Eleza kilicho kipya katika uvumbuzi huu.

Kalamu imelala. Anakitazama kisanduku chake
mezani, nyuma ya duka la mbolea, hapa Arua:
kopo la biskuti, saketi iliyochunwa kwenye redio mbovu,
nyaya mbili za kijani, na juu yake, kwa skrubu moja,
kengele ya baiskeli ya marehemu baba.

Kipya ni nini?
Seva ya chama cha akiba ilikuwa ikiandika tangu zamani.
Kila aingiaye, kila abishaye, kila akoseaye nywila
ilimwandika: saa, dakika, sekunde, namba ya mlango.
Mistari elfu arobaini kwa usiku mmoja
na hakuna jicho lililoisoma.
Kama karani wa matanga
anayeandika rambirambi shilingi kwa shilingi
kwenye daftari litakalokuja kufungia karanga.

Yeye aliweka sikio tu.

Wiki ya kwanza kengele ililia
mpaka Feni, mlinzi, akatishia kuhama zamu.
Ililia umeme ulipokatika. Ililia uliporudi.
Ililia Candiru mhasibu alipokosea nywila mara tatu
kwa sababu kucha zake zilikuwa mpya.
Ililia siku wakulima wa tumbaku walipolipwa,
simu mia sita zikigombea mlango mmoja.
"Umetufugia mbwa," Feni alisema,
"anayebwekea hata mkia wake."

Basi akaanza kuifundisha, jioni baada ya jioni:
huyu ni Candiru na kucha zake, mwache.
Hii ni Ijumaa ya tumbaku, vumilia.
Lakini huyu anayeujaribu mlango saa tisa,
neno moja, dakika kumi, neno jingine,
kwa subira ya panya kwenye gunia,
huyu mpigie.

Ikampigia. Mara mbili mwezi Machi.
Feni akaacha kucheka.

Kisha usiku ule
kengele haikulia.
Asubuhi Ajidiru akafungua maandishi, akayashusha kwa kidole:
saa nane na dakika kumi na nne, mstari.
Mstari uliofuata, saa nane na dakika hamsini.
Katikati, hakuna. Hata kosa la nywila,
hata simu moja ya mtu aliyekosa usingizi
akiuliza salio lake.
Mshono ulikuwa safi mno.

"Umeme," alisema mwenyekiti, akitafuta funguo za gari
zilizokuwa mkononi mwake.
Wote wakaitikia kwa vichwa. Umeme, ndiyo. Umeme wetu tunaujua.
Feni peke yake akajikuna shingo:
"Mbona saa nane na nusu nilichemsha chai
kwa birika lile la waya?"

Hakuna aliyemjibu.
Ofisini pakawa na kazi nyingi ghafla.

Usiku huohuo Ajidiru aliongeza amri moja, fupi:
kila dakika seva iseme, nipo.
Isiposema, piga.
Kisha akakaa gizani akiisikiliza ikisema nipo, nipo,
tiki ndogo ndani ya kopo,
akalala vizuri kuliko miezi yote.

Sasa anaiokota kalamu.
Anaandika: Kimya kingi kina mshindo mkuu.
Anakata. Kampala hawasajili methali.
Anaandika tena, herufi kubwa kubwa, kama za shuleni:
Vingine hulia kikiandikwa kibaya.
Hiki hulia pia kisipoandikwa kitu.

Swali la saba: Nani amekishuhudia kikifanya kazi?
Anafikiri kidogo. Nje Feni anakohoa, anazungusha tochi.
Anaandika jina lake kamili, kazi yake, namba ya simu,
halafu, kwa kuwa nafasi imebaki,
na birika lake.